Dawa za Kifafa Zinapokutana na Dawa Nyingine: Majibu kwa Wasomaji

Tangu safu hii ilipogusia kifafa, barua nyingi kutoka Moshi na Arusha zimekuwa na swali moja lenye sura tofauti: mgonjwa hajabadilisha dozi, anameza vidonge vilevile kwa saa zilezile, lakini hali yake imebadilika. Wengine wameanza kuanguka tena baada ya miezi mingi ya utulivu, na wengine wanayumba na kusinzia kama watu waliozidishiwa dawa. Karibu katika kila barua, nilipoisoma hadi mwisho, nilikuta dawa nyingine iliyoanzishwa au iliyoachwa wiki chache kabla, na mara nyingi mwandishi ameitaja kwa kupita tu. Mimi ni mfamasia, na ninajibu kwa upande wa dawa. Uamuzi wa kubadilisha dozi ya mtu fulani unabaki kwa daktari anayemwona.

*Mjukuu wangu ana miaka 24, na kwa muda mrefu ametumia dawa ya kifafa, fenitoini, miligramu 300 kila usiku bila shida. Baba yake alipougua kifua kikuu, watu wa nyumba ile walipimwa, na kijana akapewa vidonge vya kinga vya aisoniazidi. Baada ya kama mwezi mmoja alianza kupepesuka, ulimi ukawa mzito, na anasema anaona vitu viwili viwili. Majirani wanasema amejifunza kunywa mbege, lakini mimi ninakaa naye na ninajua hanywi. Je, kifafa kimeanza kumharibu ubongo? — Bibi wa Kibosho, Moshi*

Bibi, shikamoo. Unayoyaeleza hayafanani na kifafa kinachozidi. Yanafanana sana na fenitoini iliyozidi kwenye damu, na ninakuomba kijana apelekwe hospitali kesho, bila kusubiri tarehe yake ya kliniki, akiwa na daftari lake la kifafa pamoja na kadi ya dawa za kinga. Asiache fenitoini kwa uamuzi wa nyumbani, kwa sababu kuiacha ghafla kunaweza kuleta kuanguka mfululizo bila fahamu kurudi katikati, na hali hiyo huua. Vidonge vya kinga navyo viachwe au viendelee kwa kauli ya daktari tu.

Dawa nyingi huondolewa mwilini na ini, ambalo huzivunja kwa kutumia vimeng'enya. Zipo dawa zinazovizuia vimeng'enya hivyo kufanya kazi, na zipo nyingine zinazolichochea ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi. Aisoniazidi huvizuia vimeng'enya vinavyovunja fenitoini. Mjukuu wako aliendelea kumeza miligramu 300 zake kila usiku, lakini kiasi kilichokuwa kikiondolewa kila siku kilipungua, na kilichobaki kikawa kinajilimbikiza. Kuna watu wanaozaliwa na ini linaloiondoa aisoniazidi yenyewe polepole, na hao ndio hupata shida hii zaidi. Ndiyo maana wagonjwa wawili wanaotumia dawa hizo hizo wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Fenitoini ina tabia nyingine inayoifanya iwe ngumu kuliko dawa nyingi za kundi lake. Kwa kawaida, dozi ikiongezwa kwa robo, kiwango kwenye damu nacho hupanda kwa takriban robo. Kwa fenitoini sivyo, kwa sababu uwezo wa ini wa kuivunja hufikia kikomo karibu na dozi za kawaida za matibabu, mithili ya mashine ya kusaga ambayo tayari inasaga magunia yote inayoyaweza kwa siku: ukileta gunia moja zaidi halisagwi, na kesho linabaki jingine. Kwa hiyo mtu anayepandishwa kutoka miligramu 300 hadi 400 anaweza kukuta kiwango chake kimekuwa mara mbili au zaidi, na madaktari waangalifu huipandisha au kuishusha kwa hatua ndogo za miligramu 25 hadi 50. Kiwango kinachotafutwa kwa watu wengi ni miligramu 10 hadi 20 kwa lita ya damu. Kikipita 20, macho huanza kuchezacheza mgonjwa anapotazama pembeni; kikipita 30, mwendo huyumba; kikipita 40, mtu huchanganyikiwa na kusinzia mno. Bibi, hebu mwambie kijana akifuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa, ukikipeleka taratibu kulia na kushoto. Macho yakirukaruka yanapofika pembeni, mweleze daktari hivyo, kwa kuwa ni ishara atakayoielewa mara moja.

Huenda daktari akapunguza fenitoini hadi kinga ikamilike, au akachagua njia nyingine. Akipunguza, andikeni tarehe ya kumaliza aisoniazidi kwenye daftari la kifafa, si kwenye kadi ya kinga peke yake. Aisoniazidi ikiisha, ini litarudia kasi yake ya zamani, na ile dozi iliyopunguzwa itakuwa ndogo mno. Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa: wanafurahi kwamba kijana amemaliza dawa, halafu anaanguka tena, na hakuna anayeyaunganisha mambo hayo mawili. Kwa maoni yangu, kuacha dawa kunastahili kuripotiwa kliniki kwa uzito uleule wa kuanza dawa, na sisi watoa huduma hatulisemi hilo vya kutosha.

Kuhusu baba yake, ambaye anatumia dawa kamili za kifua kikuu, mambo ni tofauti. Dawa zake zina rifampisini, ambayo ni miongoni mwa dawa zinazolichochea ini kwa nguvu kubwa kuliko zote. Mgonjwa wa kifafa anayetibiwa kifua kikuu kwa miezi 6 huwa na aisoniazidi inayovuta upande mmoja na rifampisini inayovuta upande mwingine, na matokeo hayawezi kukisiwa mezani. Lazima afuatiliwe kwa karibu, mwanzoni na tena anapomaliza.

*Nilianza kabamazepini mwezi Januari. Wiki ya kwanza nilisinzia sana, kisha nikawa sawa, na kifafa kikatulia kabisa. Kufikia mwezi wa pili nilianguka mara mbili. Nilidhani duka limeniuzia dawa bandia, nikabadilisha duka, lakini hali ni ileile. — Kijana wa Sakina, Arusha*

Kijana wangu, dawa bandia zipo, na ulifanya vizuri kulifikiria hilo. Hata hivyo, historia yako ni ya kabamazepini halali inayofanya jambo ambalo hufanya kwa karibu kila mtu: hulichochea ini liivunje yenyewe. Kwa mtu anayeianza, kiwango chake kwenye damu huchukua kati ya saa 25 na 65 kupungua hadi nusu. Baada ya wiki 3 hadi 5 za matumizi, muda huo hushuka hadi saa 12 mpaka 17. Kidonge kilichokutosha Januari hakikutoshi tena, ingawa hakijabadilika. Ndiyo sababu dozi huanza chini na kupandishwa kwa awamu, na ndiyo sababu pia dawa hii hugawanywa mara mbili au zaidi kwa siku badala ya kumezwa yote usiku. Rudi kliniki uwaambie kwa tarehe: nilianza lini, nilitulia lini, nilianguka lini. Yaelekea dozi yako inangoja tu kupandishwa.

Umeongeza mwishoni mwa barua kwamba ulipopata kikohozi duka lilikupa erithromaisini, na siku tatu baadaye ukatapika na kuona kizunguzungu. Hilo lilistahili barua yake. Erithromaisini huvizuia vimeng'enya vinavyovunja kabamazepini, na inaweza kuipandisha hadi kiwango cha sumu katika siku chache. Klarithromaisini hufanya vivyo hivyo. Azithromaisini, ambayo ni ya ukoo huo huo, haina athari hiyo kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Unaponunua dawa yoyote dukani, sema kwanza, "Natumia kabamazepini." Sentensi hiyo moja inatosha kumfanya mwenye duka makini atafute dawa nyingine au akuelekeze kwa daktari.

*Wifi yangu na jirani yetu wote wameanzishiwa dawa ya kifafa ya lamotrijini. Jirani alianza na miligramu 50 kila siku, lakini wifi, ambaye anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ameambiwa ameze miligramu 25 siku moja aruke siku moja. Hii ni robo ya dawa ya jirani. Je, tumebaguliwa, au daktari hajiamini? — Mwalimu wa Usa River*

Mwalimu, daktari huyo anajua anachofanya, na ningependa umwambie wifi afuate ratiba hiyo bila kuiharakisha hata kwa siku moja.

Valproeti huizuia njia ambayo ini hutumia kuiondoa lamotrijini. Kwa mtu anayetumia lamotrijini peke yake, kiwango hupungua hadi nusu kwa kiasi cha siku moja au zaidi kidogo. Ikiwa pamoja na valproeti, muda huo huongezeka hadi kama mara mbili. Jirani yenu, kwa kuwa alianza na miligramu 50, nakisia anatumia dawa inayochochea ini kama kabamazepini, fenitoini au fenobabito, ambapo lamotrijini hupungua nusu kwa takriban saa 14 tu. Ukimpa wifi dozi ya jirani, damu yake itabeba kiasi kikubwa mno ndani ya siku chache. Kinachoogopwa hapo ni ngozi. Lamotrijini inayoanzishwa kwa kasi inaweza kuleta upele ambao kwa watu wachache hugeuka kuwa hatari, ngozi ikababuka na midomo, macho na sehemu za siri zikapata vidonda. Hatari hiyo iko zaidi katika wiki 8 za mwanzo, na huongezeka lamotrijini inapoanzishwa kwa dozi kubwa au pamoja na valproeti. Ratiba inayokubalika kwa mtu mzima mwenye valproeti ni miligramu 25 siku moja baada ya siku moja kwa wiki 2, kisha 25 kila siku kwa wiki 2 nyingine, ndipo ipandishwe taratibu. Upele wowote katika kipindi hicho, hata ukionekana mdogo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na akikosa lamotrijini kwa siku kadhaa mfululizo, kwa mfano akiwa safarini, asirudie dozi kubwa aliyokuwa amefikia. Aulize kwanza, kwa sababu huenda akatakiwa kuanza upya kutoka chini.

Valproeti ina jirani mwingine inayemsumbua, nami nalitaja kwa sababu walimu ndio wanaoliona. Ikiongezwa kwa mtoto anayetumia fenobabito, huipandisha fenobabito kwenye damu, mara nyingi kwa theluthi hadi nusu ya kiwango cha awali. Mtoto aliyekuwa akifuatilia somo huanza kulala juu ya dawati kuanzia saa nne asubuhi, na shule humwita mvivu. Mara nyingi kinachohitajika ni kupunguza fenobabito. Ukiona mwanafunzi wa namna hiyo, waandikie wazazi wake barua fupi ya kupeleka kliniki, ukitaja kusinzia kulianza lini; barua ya mwalimu husomwa.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza. Ikiwa wifi yako yuko katika umri wa kuzaa, amuulize daktari kama mpango ni kumtoa kwenye valproeti. Dawa hiyo ikitumiwa wakati wa ujauzito huongeza sana uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro za viungo au kuchelewa kiakili, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri isianzishwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Ikiwa itapunguzwa, ikumbukwe kwamba lamotrijini itaanza kuondoka mwilini haraka zaidi, hivyo dozi yake italazimika kupanda kadiri valproeti inavyoshuka. Hayo mawili hupangwa kwenye karatasi moja na mtu mmoja, na asijaribu kuyafanya nyumbani.

*Shikamoo mama. Natumia kabamazepini na nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Rafiki yangu mwenye dawa kama zangu amepata mimba akiwa na kijiti. Inawezekanaje? — Binti wa Ngaramtoni*

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na rafiki yako asilaumiwe na mtu yeyote. Kabamazepini, fenitoini na fenobabito hulichochea ini lizivunje homoni za uzazi wa mpango, kwa hiyo vidonge na vijiti hupungua nguvu. Sindano ya kila baada ya miezi mitatu haiathiriki kwa namna ya kutia shaka, wala kitanzi cha shaba, ambacho hakitumii homoni kabisa. Nenda ukazungumze kuhusu hizo mbili, na kwa sasa tumieni kondomu pamoja na kijiti. Hata ukibadilishiwa dawa ya kifafa leo, ini huchukua kama wiki 4 kurudi hali yake ya kawaida, kwa hiyo usitupe tahadhari siku ya kwanza. Valproeti na levetirasetamu hazilichochei ini hivyo, ingawa kuhusu valproeti nimekwisha kueleza hapo juu kwa nini haikufai.

Dada zako wanaotumia lamotrijini wana kisa kinachokwenda kinyume. Kwao homoni ndiyo inayoiathiri dawa ya kifafa: vidonge vyenye estrojeni vinaweza kukishusha kiwango cha lamotrijini hadi karibu nusu, na ujauzito hukishusha vilevile. Mwanamke anayeanguka tena mwezi mmoja baada ya kuanza vidonge anastahili kuulizwa kuhusu vidonge hivyo kabla ya kuulizwa kama ameruka dawa.

*Mtoto wangu anatumia fenobabito. Huku Mabogini kwenye mashamba ya mpunga malaria haituachi. Je, dawa ya mseto ina tatizo kwake? — Baba wa Mabogini, Moshi*

Ndugu yangu, fenobabito inaweza kupunguza kiwango cha mseto kwenye damu, na malaria isiishe sawasawa. Hilo si sababu ya kumnyima mtoto dawa, maana homa yenyewe humwangusha mwenye kifafa. Mwambie anayemtibu kwamba anatumia fenobabito, ampe mseto dozi zote sita kwa siku tatu pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, na homa ikiendelea au ikirudi mrudishe mapema apimwe upya. Fenobabito isisimamishwe hata kwa siku moja.

*Natumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri. Nimeanza kuanguka na nimepewa kabamazepini. CTC, kliniki ninakochukulia dawa za UKIMWI, hawajui. — Msomaji wa Moshi mjini*

Nenda CTC kabla ya mwisho wa wiki na uwaambie. Kabamazepini hukishusha sana kiwango cha dolutegraviri, na kidonge kimoja kwa siku hakitakutosha. Suluhisho linalojulikana ni kuongezewa dolutegraviri miligramu 50 saa 12 baada ya kile kidonge chako cha kawaida, au kubadilishiwa dawa ya kifafa iwe isiyochochea ini, kama levetirasetamu, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwa njia ya figo. Ukikaa kimya, virusi vinaweza kujenga usugu ilhali wewe unameza dawa kwa uaminifu kila siku.

*Daktari ameagiza nipimwe kiwango cha dawa kwenye damu. Natumia fenobabito, na kabamazepini imeongezwa wiki iliyopita. Nijiandae vipi, na majibu nitayasomaje? — Mama wa Himo*

Mama, kipimo hiki hakipatikani kila mahali, kwa hiyo ulizia mapema wanapopokea sampuli na siku gani, na umuulize daktari kama alitaka kipimo sasa au baadaye. Kabamazepini ya wiki moja bado haijatulia, kama nilivyomweleza kijana wa Sakina, na fenobabito hupungua nusu kwa siku tatu hadi tano, hivyo ikibadilishwa dozi huhitaji wiki 2 hadi 3 kabla ya kiwango chake kusimama mahali pamoja. Kipimo cha mapema mno hutoa namba ya kweli yenye maana ya uongo, isipokuwa pale mgonjwa ana dalili za kuzidiwa na dawa, ambapo hupimwa siku hiyo hiyo.

Viwango vinavyotumika kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 40 kwa lita kwa fenobabito, na 4 hadi 12 kwa kabamazepini. Usiogope namba peke yake. Mtu asiyeanguka na asiyesinzia kwa kiwango cha 13 cha fenobabito hahitaji kuongezewa dawa ili kuifurahisha karatasi, na mwingine huyumba akiwa ndani ya mipaka. Wanaotumia fenitoini wana tahadhari ya ziada: sehemu kubwa ya dawa hiyo husafiri ikiwa imeshikamana na protini ya damu, na ni ile iliyo huru tu inayofanya kazi kwenye ubongo. Kwa mgonjwa aliyedhoofika kwa lishe duni, au anayetumia valproeti ambayo huibandua fenitoini kwenye protini hiyo, jumla inayosomwa maabara inaweza kuonekana ndogo wakati iliyo huru inatosha au imezidi. Kuongeza dozi kwa kutazama jumla hiyo kumewaangusha wagonjwa wasio na kosa.

Siku ya kipimo damu itolewe asubuhi kabla ya dozi, kwa sababu hapo ndipo dawa huwa chini kabisa na majibu yanaweza kulinganishwa na ya safari nyingine. Andika saa uliyomeza dozi ya jana usiku, taja dawa zote, zikiwamo za miti shamba, na ubebe vidonge vyako vya asubuhi kwenye pochi pamoja na chupa ya maji, uvimeze mara tu baada ya sindano kutolewa, kabla hujapanda gari la kurudi Himo.